Hotpoti nne na chupa moja ya chai: mama lishe wa Upanga aliyempikia mzee wangu mwenye saratani ya ini

Kwa kawaida huwa naandika kuhusu vitu ninavyovishika kwa mikono: kompresa za friji, betri za sola, stebilaiza ambazo hazimalizi masika. Leo ni chakula. Ni huduma niliyoilipia miezi mitano na ushee, na watu wamenipigia sana kuulizia "yule mama wa Upanga" hadi nimechoka kurudia maelezo yaleyale kwenye simu. Basi someni hapa.

Niseme mapema, asije mtu akasoma akitafuta muujiza: mzee alifariki, miezi minane baada ya majibu kutoka. Sisemi chakula ndicho kilichompa hiyo miezi minane. Ila mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa wa saratani ya ini katika nchi kadhaa za Afrika, na kwa nchi za kusini mwa Sahara nusu ya wagonjwa hawakuvuka miezi miwili na nusu. Daktari aliniambia hilo nilipombana, na kwa kweli nilijuta kumbana. Ninachoweza kusimamia mimi ni kwamba miezi mitano kati ya ile minane baba alikula, akatembea hadi kijiweni, akabishana na watu kuhusu Simba na Yanga.

Huduma yenyewe sasa. Huyu mama ana kibanda uchochoroni Upanga: meza mbili, turubai la bluu, majiko matatu ya mkaa na moja la gesi. Mchana anauza wali maharage na ugali samaki kwa watu wa maofisini na ndugu wa wagonjwa, kama mama lishe yeyote. Lakini pembeni ana sufuria ndogondogo zenye tone la rangi ya kucha kwenye mfuniko. Nyekundu ni mgonjwa wa figo, pinki ni kisukari, bluu ni ini. Nilimuuliza kwa nini rangi ya kucha. Akanijibu kwamba kalamu inafutika kwa steelwire, na binti yake anazo chupa nyingi za rangi ambazo shule haimruhusu kuzitumia.

Kifurushi cha siku ni shilingi 12,000. Bodaboda wake kwenda na kurudi Tabata mara mbili ni 5,000 nyingine. Kwa hela hiyo unapata hotpoti nne na chupa moja ya chai. Usidharau chupa, nitaifikia.

Mwezi wa kwanza tuliupoteza wenyewe. Ndugu walikusanyika kwangu kila mmoja na lake. Shangazi akapiga marufuku nyama. Baba mdogo akasema sukari inalisha saratani, ikatoka sukari, ikafuata asali, mwisho hata ndizi mbivu ikawa kosa. Kisha mtu akaja na unga wa kijani wa "kusafisha ini", kopo moja shilingi 85,000. Mimi ambaye sinunui hata fyuzi bila kuipima na mita, nilinunua makopo mawili. Siku kumi na tisa baba aliishi kwa juisi ya bitiruti na ule unga. Pete yake ya ndoa ikaanza kudondoka, tukaizungushia uzi.

Daktari alipoliona kopo aliuliza swali moja tu: "Ndani kuna nini?" Tuligeuza kopo pande zote. Halikusema. Akatueleza kwamba kila kinachomezwa, dawa ya hospitali au ya majani, kinapita kwenye ini hilohilo, na ziko dawa za mitishamba zinazojulikana kuumiza hata ini zima. La baba lilikuwa limeshachakaa kwa homa ya ini B aliyoishi nayo miaka bila kujua, na uvimbe ukaja juu ya uchakavu huo. Upasuaji haukuwezekana. Alianzishiwa vidonge, na vidonge hivyo navyo vina mambo yao: kuharisha, hamu ya kula kukata, nyayo kuwaka moto. Mgonjwa akiishiwa nguvu, vinasimamishwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sahani na kidonge viko kwenye waya mmoja.

Tukapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Alimwamkia baba shikamoo, akapokea marahaba yake, akamzungushia utepe kwenye mkono wa juu. "Uzito wako unatudanganya, baba," akasema. "Maji ya tumboni yanapanda kwenye mzani pamoja na wewe. Mkono hausemi uongo." Sentimita 21. Akakadiria kilo 52 bila maji, akaandika kwenye karatasi ambayo mpaka leo ninayo: kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo kwa siku, protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo. Kwa baba ni gramu 62 hadi 78. Yai moja lina kama gramu 6. Tukapiga hesabu ya tulichokuwa tunampa nyumbani, hatukufika hata 20. Mwili usipopata unachotaka unakula misuli yake, na wagonjwa wa saratani ya ini wanaoisha misuli ndio wanaotangulia. Tafiti nyingi zimeliona hilo, na yeye alilisema bila kuzungukazunguka huku baba anamsikiliza.

Halafu akaeleza habari ya usiku. Nilimrahisishia baba kwa lugha ya kazini kwangu. Ini zima ni betri nzuri: unakula jioni, linaweka akiba, usiku kucha linatoa kidogokidogo. Ini lililochakaa ni betri iliyochoka, haishiki chaji. Usiku mmoja bila kula kwa mgonjwa wa hivyo ni sawa na siku mbili tatu za njaa kwa mtu mzima wa afya. Kwa hiyo unaichaji kabla ya kuzima taa. Hiyo ndiyo kazi ya chupa ya chai: uji mzito wa maziwa saa nne usiku, kila siku, baba ataka asitake.

Karatasi nilikuwa nayo, sasa nani apike milo mitano sita midogomidogo? Mke wangu anaingia zamu, mimi nashinda juu ya mapaa ya watu. Muuguzi mmoja akaninong'oneza habari za sufuria zenye rangi.

Siku ya kwanza mama hakuulizia hela. Aliuliza, "Mzee ni mtu wa wapi?"

"Kongwa, mama."

"Mgogo? Basi wali utamchosha mapema. Nitamtafutia uwele."

Na kweli aliutafuta. Asubuhi ulikuja uji wa mtama wenye maziwa na yai la kuchemsha. Saa tano mtindi, au parachichi na viazi vitamu. Mchana bonge dogo la ugali wa uwele, kama ngumi ya mtoto, na kibua wa Feri aliyechemshwa na nyanya na ndimu, amechambuliwa miiba yote. Jioni wali laini na maharage yaliyopondwa, au kuku na mchicha. Vipimo vilikuwa vidogo kiasi kwamba siku ya kwanza nilidhani nimepunjwa. Kumbe ndiyo akili yenyewe: tumbo lililojaa maji halina nafasi, na sahani iliyofurika inamkatisha mgonjwa tamaa kabla hajanawa mikono. Baba alikuwa anamaliza. Mtu ambaye wiki mbili nyuma alikuwa anageuza uso ukutani akiona kijiko, sasa anafuta hotpoti kwa kidole.

Wiki ya kwanza kulikuwa na tatizo na sitalificha. Siku nne tu, mzani ulipanda kilo mbili na miguu ikavimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Daktari akauliza kuhusu chumvi, maana kwa mwenye maji tumboni chumvi ya siku nzima, iliyomo ndani ya kila kitu, isizidi kama kijiko kimoja cha chai, na chumvi inavuta maji kama sifongo. Nikampigia mama, na maneno yangu hayakuwa mazuri. Hakubishana. Aliniita niende nikaangalie anavyopika, tukagundua pamoja: chumvi ya kopo alishaipunguza, lakini alikuwa anabomolea kwenye mchuzi vile viungo vya pakiti, na viungo vya pakiti ni chumvi iliyovaa koti. Aliviacha siku hiyohiyo. Akahamia kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari na majani ya giligilani. Baba alisema chakula kinanukia vizuri lakini kimesahau kitu. Baada ya wiki tatu hivi ulimi ukazoea, akawa analalamika chakula cha mke wangu kina chumvi. Hiyo nayo ikaleta yake, tuyaache.

Kwenye mlenda mama alishindwa, na anakubali. Mkono wake ni wa pwani. Baba aliufunua ule mfuniko, akauvuta kwa kijiko, ukakatika. "Hii ni bamia iliyopigwa," akasema. Dada yangu akatuma mlenda mkavu kutoka nyumbani pamoja na magadi, na mama akauliza kwanza hospitali kabla ya kuyatia. Vizuri aliuliza, kwa sababu magadi nayo ni sodiamu. Yanakamata maji mwilini kama chumvi. Akapika bila magadi. Mlenda haukuvutika vizuri hadi siku ya mwisho, na baba hakuacha kumtania kwa hilo. Yeye akijibu kwa salamu ya Kigogo aliyofundishwa na baba: "Mbukwa, baba!" akiitamka kama anamfukuza mbuzi.

Jumamosi moja tulitoka kliniki na baba, tukapita kulipa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua karanga. Hazikuwa za baba. Zilikuwa za mchicha wa wateja wa mchana. Vidole vyake vinakwenda haraka: hii bakuli la kulia, hii kwenye mfuko wa taka. Baba alisimama, akaegemea nguzo ya turubai.

"Hizo unazitupa?"

"Nazitupa, baba."

"Hiyo imesinyaa tu."

"Iliyosinyaa, yenye ukungu, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa. Hata kuku simpi."

Baba alinyamaza muda. Ukimjua mtu wa Kongwa, karanga si kitafunwa. Ni kwetu ambako Waingereza walikuja baada ya vita na matrekta yao kulima karanga za kuilisha Uingereza, mradi ukaanza 1947 na kufa 1951, matrekta yakabaki vyuma. Babu aliwahi kufanya kibarua pale. Baba mwenyewe alilima karanga na mahindi maisha yake yote na kuuza Kibaigwa. Ndipo akasema, taratibu, kama anayehesabu hela: karanga nono tulimpelekea mnunuzi. Zile alizozikataa zikarudi jikoni kwetu, zikatwangwa, zikatiwa kwenye mboga. "Nyie wote mmekulia hizo."

Ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi unaweza kutoa sumu inayoitwa sumu kuvu, na yenyewe haina rangi wala ladha. Dunia iliigundua baada ya mwaka 1960, bata mzinga walipokufa kwa maelfu Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga. Kukaanga hakuiondoi, kuchemsha hakuiondoi. Kuchambua kunapunguza sana, ingawa hakumalizi. Na ikikutana na homa ya ini B ndani ya mtu mmoja, hatari ya saratani ya ini haijumlishwi, inazidishwa. Mwaka 2016 kwetu Dodoma na jirani zetu wa Manyara watu 68 waliugua kwa sumu hiyohiyo kwa mkupuo, 20 wakafa, na mahindi ya nyumbani ndiyo yaliyobainika. Wakati ule tulisema ni ugonjwa wa ajabu.

Baba akauliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: "Sasa mimi si nimeshaumwa, karanga itanifanya nini tena?"

Mama hakuinua macho kwenye ungo. "Baba, hicho kipande cha ini kilichobaki ndicho unachotumia."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikatoa gunia la karanga lililokuwa stoo tangu msimu uliopita. Wiki iliyofuata tukaenda kupima homa ya ini, watoto wote watano wa mzee. Wawili tunayo. Ndiyo, nimeandika tunayo. Nipo kwenye ufuatiliaji, wale watatu wamechanjwa sindano tatu. Wanangu walishachanjwa uchangani, maana chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwaka 2002, ila sisi wakubwa tulizaliwa kabla ya bahati.

Kuhusu kahawa, kwa kuwa wengi mmeniuliza: baba aliruhusiwa kahawa yake chungu ya kijiweni. Wanywaji wa kahawa wameonekana mara nyingi kupata saratani ya ini kidogo kuliko wasiokunywa. Kashata ya karanga inayouzwa pembeni ya birika ndiyo aliyonyimwa, na hiyo ilimuuma kuliko chumvi.

Kuna kosa moja la kwangu mwenyewe. Mwezi wa nne baba alianza kuchanganyikiwa. Alivaa shati nje ndani, akaniita kwa jina la marehemu kaka yake, analala mchana na kukesha usiku. Baba mdogo akaamua ni mayai na samaki, eti protini inapanda kichwani. Nikamkatisha mama oda. Siku tatu tukampa baba uji mtupu. Kliniki daktari hakuuliza habari ya mayai. Aliuliza choo kilipita lini. Siku nne hakijapita. Akapewa dawa tamu ya maji ya kulainisha choo, na siku ya pili jioni akaomba gazeti. Yule binti wa lishe alinisema mbele ya mke wangu. Kwamba mafundisho ya kuwanyima protini wagonjwa hawa yameachwa, kwamba amonia inayovuruga akili inasaidiwa kuondolewa na misuli yenyewe, na mimi kwa siku tatu nilikuwa nachoma misuli. Nilipompigia mama kurudisha oda nilitegemea maneno. Alisema tu, "Sufuria ya bluu sikuitoa jikoni, mwanangu."

Baada ya miezi miwili mkono wa baba ulipimwa tena: sentimita 21 na nusu. Mnaweza kucheka nusu sentimita. Kwa ugonjwa ule, binti wa lishe aliandika namba hiyo akaipigia mstari mara mbili. Kabla ya hapo baba aliinuliwa kwenye kiti na watu wawili. Baadaye aliinuka kwa kusukuma mikono yake mwenyewe. Vidonge havikusimamishwa hadi mwezi wa sita. Kisha mambo yakageuka, akaomba kurudi nyumbani Kongwa, na kule dada yangu ndiye aliyepika, akielekezwa na mama kwa simu. Wiki za mwisho hakuweza zaidi ya vijiko vichache, na hatukumlazimisha.

Sasa makosa ya huduma, maana hii si barua ya shukrani. Hana risiti, anaandika kwenye daftari la shule na mara mbili nilikuta siku ambayo sikuchukua chakula imeandikwa. Alifuta bila ubishi, lakini lazima ukague. Simu yake inaisha chaji saa nane mchana kama saa. Jumapili hafungui, kwa hiyo Jumamosi omba chakula cha ziada na uwe na friji inayopoza kweli. Maharage na samaki wa jana waliokaa mezani si chakula cha mgonjwa. Boda wake wa kwanza alimwaga mchuzi mara tatu hadi akabadilishwa. Mvua ikinyesha, chakula cha saa tano kinafika saa saba, na mgonjwa wa ini kukaa na njaa saa zote hizo haifai. Weka maziwa na ndizi akiba.

La kumsifia ambalo hakulitangaza mwenyewe: Ramadhani nzima, amefunga, alipika mchana kwa ajili ya wagonjwa nyuma ya kitenge alichokitundika. Chumvi asiyoweza kuionja alimwonjesha jirani yake Mkristo anayeuza vocha.

Nampa nyota nne. Ya tano imeondoka na ile wiki ya viungo vya pakiti, pamoja na daftari.

Ukitaka huduma, nenda mwenyewe mara ya kwanza, na uende na karatasi ya mtaalamu wa lishe. Bila karatasi hampikii mgonjwa, atakuuzia wali maharage kama mteja mwingine. Oda ya kesho inafungwa saa mbili usiku. Hotpoti zake hazidumu na joto. Nunua zako, andika jina chini. Yake moja ya kijani bado iko kwangu, pamoja na deni la shilingi 3,000 la boda, na wiki ijayo nina friji ya kufunga Upanga.